Karakana Iliponyamaza

Tangu Fundi akatwe na bati kiganjani na kushonwa, ua ule uliingiwa na kimya ambacho majirani hawakujua wakifanyie nini. Walizoea kuamshwa na nyundo na kuisikia mchana kutwa. Sasa walisikia vitu walivyokuwa wamevisahau, kuku wakiparua takataka, mtu akikohoa nyumba ya tatu, mafuta yakichemka kwenye kikaango. Mshonaji, ambaye kibanda chake kilitazamana na karakana, alisema kichwa chake kimepata likizo na asingependa iishe haraka.

Fundi mwenyewe alikaa kwenye kigoda mlangoni, mkono wa kulia umening'inizwa shingoni kwa kitambaa. Shemeji yake, kaka wa mkewe, ambaye alifanya naye kazi, alikuwa amekwenda kufunga mifereji ya mvua kwenye jengo la watu, kwa hiyo hakukuwa na wa kugonga chochote. Masanduku ya wanafunzi yalisimama ukutani bila vifuniko. Fundi aliyatazama kidogo, kisha akageuza macho kama mtu aliyekutana na anayemdai.

Mbele yake, akiwa amempa mgongo, binti yake alikuwa amekaa chini akipanga ribiti, visumari vifupi vya kuungia bati, kwenye mchanga. Walimwita Bi Mdogo. Alikuwa anakaribia miaka mitatu, na sifa zake zilikuwa zimevuka mtaa. Baba akiinua vidole viwili, mtoto analeta ribiti. Akilaza kiganja, mtoto anakaa. Akipiga mguu chini, mtoto anageuka na kumtazama usoni akingoja aambiwe nini. Ndani ya karakana hakuna aliyezungumza mchana, nyundo haikutoa nafasi. Fundi na shemeji yake walikuwa na ishara zao za mikono, na mtoto alizishika zote kabla hajaweza kutembea vizuri. Alilala chini ya meza huku bati likipigwa juu yake, wala hakushtuka. Wateja walipostaajabu, Fundi aliwaambia kuwa wengine wamezaa watoto, yeye amezaa fundi mwenzake.

Siku hiyo alitaka maji. Kwa kuwa palikuwa kimya, alitumia mdomo.

Alimwita mara ya kwanza kwa upole. Mtoto aliendelea na ribiti zake. Alimwita tena, akiongeza sauti, na sauti ya Fundi hata ya kawaida ilikuwa ya mtu anayeita ng'ambo ya barabara. Mtoto alichukua ribiti moja, akaipuliza mchanga, akaipanga na nyingine. Mshonaji alisimamisha cherehani yake. Mteja aliyekuwa amekuja kuchukua suruali naye akageuka kutazama.

"Fundi," mshonaji alisema akicheka, "naona umefungwa mkono na amri zako zote zikafungwa humo humo."

Mteja alicheka. Fundi aliona wanacheka. Aliita kwa mara nyingine, kwa nguvu zake zote, mpaka kidonda kikamgonga ndani ya bendeji, na mtoto hakugeuza hata shingo. Mwanaume yule, ambaye mtoto wake alikuwa akitajwa kwa watoto wengine kama mfano, aliinuka na kumzaba kofi la mgongoni kwa mkono wa kushoto.

Bi Mdogo aliangukia mikono yake, ribiti zikatawanyika. Hakulia mara moja. Kwanza alitazama juu, kwenye paa na kwenye mti wa jirani, akitafuta ni kitu gani kimemwangukia. Hapo ndipo akamwona baba yake. Na alipomwona, alimnyooshea mikono ambebe.

Mshonaji aliacha kucheka.

* * *

Mama wa mtoto alikuwa ameliona lile kofi. Alikuwa akitoka nyuma ya nyumba na karai tupu la kufulia kiunoni. Hakupiga kelele. Alimuuliza mumewe mtoto amefanya nini, naye akajibu kwamba ameanza kiburi, kwamba anaitwa mbele za watu anajifanya hasikii, na kwamba mtoto huvunjwa kiburi angali mdogo. Alisema yote hayo kwa sauti iliyofika barabarani.

Mama alikuwa akiwaza jinsi mtoto alivyotazama paa.

Alimkalisha binti yake mchangani, akamrudishia ribiti, akangoja atulie. Kisha akaingia karakana, akatwaa nyundo ndogo, akaigonga fuawe, lile pande la chuma la kufulia bati lililozikwa pale uani. Mtoto aligeuka papo hapo.

"Umeona?" Fundi alisema. "Anasikia kukushinda wewe. Ni kiburi."

Mkewe alisimama na ile nyundo. Fuawe ile ilikuwa imezikwa ardhini, na mtoto alikuwa amekaa juu ya ardhi hiyo hiyo. Yeye mwenyewe alihisi pigo lile kwenye nyayo zake. Hakujua wazo lile lilitoka wapi, na baadaye alisema ni Mungu aliyemwekea kichwani, kwa sababu hakuwa mtu wa kuwaza mambo ya namna hiyo. Aliliinua lile karai, akalishika juu hewani kwa mkono mmoja, mbali na ukuta na mbali na ardhi, nyuma kabisa ya kichwa cha mtoto. Akalipiga kwa nyundo.

Mshonaji aliruka kitini. Kuku walikimbia. Mteja wa suruali alishika masikio.

Bi Mdogo alikuwa anapanga ribiti.

Mama alipiga tena, na tena, mpaka karai likabonyea na mkono wake ukafa ganzi, na kila alipopiga alimtazama mtoto kisogoni, palipokuwa na msuko mmoja uliolegea ambao alikusudia kuusuka upya jioni. Msuko ule haukutikisika. Mshonaji alivuka barabara akamnyang'anya nyundo, akamwambia basi, basi mama, inatosha.

Fundi alikuwa bado amesimama palepale. Mdomo wake ulikuwa wazi.

* * *

Mama mzazi wa Fundi, aliyeishi nao chumba cha nyuma, alikataa habari ile yote. Alisema watoto wa ukoo wao huchelewa kusema. Fundi mwenyewe, alisema, alianza kuzungumza akiwa anafukuza mbuzi, na tazameni sasa, nani anaweza kumnyamazisha? Akaongeza kwamba kumpigia mtoto karai kisogoni ndiko kutakakomharibu, na kwamba mkwe wake amesoma mambo kwenye simu.

Fundi aliyashika maneno yale kwa mikono miwili. Alisema wangoje mkono upone. Alisema mtoto amegeuka fuawe ilipogongwa, wote wameona. Kilichomtisha hakukisema, ila mkewe alikijua, kwamba watu wangeambiana yule mtoto hodari wa fundi bati kumbe ni kiziwi, na kila sifa aliyoitangaza mwenyewe ingerudishwa mlangoni kwake.

"Keshokutwa unakwenda kutolewa nyuzi," mkewe alisema. "Nitakwenda na wewe, na mtoto nitamchukua. Ukikataa, nitakwenda peke yangu, na nitakapoulizwa baba yake yuko wapi nitasema yuko nyumbani anangoja mkono."

Mama mkwe alinong'ona kwamba siku hizi wanawake wana ndimi.

* * *

Hospitalini, baada ya nyuzi kutolewa, walielekezwa chumba cha masikio mwisho wa ukumbi. Walikaa kwenye benchi refu pamoja na watu wengine. Mama aliomba kimoyomoyo muda wote waliokaa pale. Hakuomba maneno mengi. Aliomba tu iwe nta, iwe uchafu, iwe kitu cha kuchomoa na kutupa.

Muuguzi aliwaita, akawauliza maswali taratibu huku akiandika. Je, mtoto alipokuwa mchanga alikuwa akishtuka mlango ukibamizwa? Mama alijibu kwamba hapana, alikuwa mtulivu sana, watu walimsifu. Je, alikuwa akibwabwaja na kuiga sauti kama watoto wengine? Alianza, kisha akaacha, nao walisema atakuwa mpole kama shangazi yake. Je, hulala hata penye kelele? Hapo mama alisita. Alikumbuka jinsi alivyowaambia wanawake wenzake kisimani kwamba wa kwake hana taabu, hata ukipasua jiwe pembeni yake haamki. Kila jambo walilomsifia mtoto lilikuwa linatoka kinywani mwake sasa kama ushahidi, na hakuwa na namna ya kulirudisha.

Kisha muuguzi akauliza kama walirudi kumpima masikio baada ya kuzaliwa, maana mama wote huambiwa warudi.

Walikuwa wameambiwa. Mama alikumbuka hata dirisha la hospitali walipoambiwa. Lakini ulikuwa msimu wa kufungua shule, masanduku yalikuwa yanangojwa, na Fundi alisema anayelala chini ya nyundo hahitaji kupimwa masikio, masikio yake ni chuma. Walicheka sana siku ile.

"Hatukurudi," mama alisema.

Muuguzi hakuwagombeza. Pengine angewagombeza ingekuwa nafuu.

Chumba cha kupimia kilikuwa kidogo, kuta zake zimevikwa sponji, mlango mnene, na dirisha la kioo upande mmoja. Mtaalamu wa masikio, mwanamke mwenye miwani na sauti ya upole, alisema mtoto akae mapajani mwa mzazi mmoja. Bi Mdogo alimchagua baba. Alipanda mwenyewe kwenye magoti ya mtu aliyempiga kofi juzi, akaegemea kifua chake. Mtaalamu alimwinamia Fundi sikioni, akamweleza kuwa sauti zitatoka kwenye spika pembeni mwa chumba, kwamba yeye asimsaidie mtoto kwa namna yoyote, asimguse, asigeuke. Ilibidi amrudie, kwa nguvu zaidi. Fundi alitikisa kichwa kuonyesha ameelewa.

Mama alisimama nje ya kioo, nyuma ya mtaalamu.

Ilianza sauti nyembamba, kama mbu. Mama aliisikia kwa mbali, ikipenya kiooni. Mtoto alikuwa anatazama sanamu ya sungura iliyowekwa mbele yake. Sauti ikapanda, ikawa filimbi, ikawa filimbi ya askari wa barabarani. Mtoto alivuta sikio la sungura. Ikaja sauti nyingine ya kukwaruza, ikapanda nayo mpaka mama akakunja uso. Upande wa kushoto, upande wa kulia. Mtaalamu alibonyeza, akangoja, akaandika, akabonyeza. Mama alianza kumwomba Mungu amgeuze mtoto, amgeuze hata kwa bahati, hata kwa inzi. Mwisho kabisa ikaja sauti nzito ya ngoma, na mtaalamu akaipandisha mpaka kioo kikatetemeka kwenye fremu yake.

Bi Mdogo aliinua kichwa. Alisikiliza, au alihisi. Kisha akatazama huku na huku.

Mlango ulipofunguliwa Fundi alitoka na mtoto begani, na uso wake ulikuwa umechangamka kuliko siku zote tangu aumie.

"Mmeona wenyewe," alisema kwa ile sauti yake, na watu wote wa kwenye benchi wakamsikia. "Mmepiga sauti moja tu, ile ngoma, naye kaisikia. Sasa kwa nini mmetuweka humo muda wote ule bila kupiga kitu? Mtoto amechoka. Mngepiga zote tangu mwanzo mngeona."

Mtaalamu alivua miwani yake. Muuguzi alitazama sakafu. Fundi aliwatazama mmoja baada ya mwingine, akingoja wakubaliane naye, na tabasamu lake lilikaa usoni kwa muda baada ya kukosa kazi.

"Baba Bi Mdogo," mkewe alisema, akisogea mpaka akawa mbele ya macho yake. "Zilipigwa nyingi."

"Lini?"

"Muda wote. Mimi nilikuwa nje ya mlango, nimezisikia zote."

Alicheka kidogo, kama mtu anayefanyiwa mzaha na mashemeji. Alimtazama mtaalamu ili amkanushe. Mtaalamu hakumkanusha. Ndipo Fundi akamhamisha mtoto bega hili kwenda lile, akatafuta mahali pa kukaa, na mzee mmoja aliyekuwa kwenye benchi akasogea haraka kumpisha, kama watu wanavyowapisha waliofiwa.

* * *

Mtaalamu aliwaeleza yote, akiwatazama usoni wote wawili na kumwandikia Fundi maneno makubwa kwenye karatasi pale alipohitaji. Mtoto alikuwa na usikivu mdogo uliobaki. Inaelekea alizaliwa hivyo. Vifaa vya masikio vingeweza kumsaidia, pamoja na kufundishwa kusikia na kusema, na wote wajifunze ishara zilizo kamili, zile za lugha ya viziwi, zinazoweza kusema kila kitu. Lakini miaka ya kwanza ndiyo ambayo kichwa cha mtoto hupokea lugha kwa wepesi, na miaka hiyo ilikuwa inakwenda. Angeletwa akiwa mchanga, angeanza na wenzake. Sasa itabidi awakimbilie. Mtaalamu aliyasema haya bila ukali, na mama alilia bila sauti akiwa anatikisa kichwa kukubali kila neno.

Kuhusu Fundi, alisema masikio yake yameharibiwa na nyundo. Miaka yote ile bila kuziba masikio. Alimwomba akae naye apimwe siku hiyo hiyo. Fundi alikataa. Alisema leo ni ya mtoto.

Walirudi nyumbani kwa miguu, kwa sababu Fundi hakutaka kukaa karibu na watu. Njiani alisimama ghafla kando ya ukuta wa shule, akamshusha mtoto, akachuchumaa mbele yake. Alitaka kumwambia kitu. Mtoto alimtazama mikono, tayari kutumwa. Fundi aliinua mkono wa kushoto, akaushusha. Alijua ishara ya lete, ya acha, ya ngoja, ya shika hapa, ya geuza upande wa pili. Alizipitia zote. Katika ishara zote za karakana hapakuwa na hata moja ya kuomba radhi.

Aliishia kuuweka mkono ule kwenye mgongo wa mtoto, pale alipompiga, na akabaki hivyo mpaka wanafunzi wakaanza kutoka langoni na kuwapita huku wakiwashangaa. Mtoto alidhani ni amri mpya. Akazunguka nyuma ya baba yake, akauweka mkono wake mdogo kwenye mgongo wake, akamchungulia usoni kuona kama amefanya sawasawa.

Mkewe aligeukia ukuta.

* * *

Mashine ya kukunjia bati iliuzwa ili vifaa vya masikio vinunuliwe. Mama mkwe alifungua sanduku lake na kutoa alichokuwa nacho, akakiweka mezani akaondoka bila kungoja shukrani. Shemeji aliing'oa fuawe na kuihamishia banda la mbali, nyuma ya godauni, na siku ya kwanza ya kazi alimkuta Fundi amejaza masikio yake pamba na kujifunga kitambaa juu yake. Mshonaji alianza kutaniana naye, akakumbuka, akaacha.

Siku ya kuvishwa vifaa walikwenda watatu kama mara ya kwanza. Bi Mdogo aliketi kwenye kiti kidogo katikati ya chumba. Fundi alikaa mbele yake, magoti yao yakikaribia kugusana, kwa kuwa mtoto hakukubali kuguswa masikio isipokuwa anamwona baba. Mtaalamu aliviingiza, kimoja, kisha cha pili, akaviwasha. Mtoto alikunja uso. Alikwaruza kiti kwa kucha, akaacha, akakwaruza tena. Alitazama kucha zake kwa woga.

Mtaalamu alimpa mama ishara. Mama alikuwa amesimama nyuma ya mtoto, karibu na mlango. Alikuwa amekusudia kuita kwa nguvu, lakini jina likatoka kama vile watu wanavyoita wasimwamshe mgonjwa.

"Bi Mdogo."

Mikono ya mtoto ilitulia. Aliinua kichwa. Akageuka kitini pole pole, nusu mzunguko, akamtazama mama yake mdomoni.

Fundi alimwona akigeuka. Alitazama mlango, akatazama dirisha, akatazama sakafu kama kuna kitu kimeanguka.

"Ameona nini?"

Mkewe alimwelekezea uso ili ayaone maneno.

"Hajaona kitu. Nimemwita."

"Sikukusikia."

"Najua."

Mtoto alikuwa amekwisha kugeuka tena, sasa kwa baba, macho yameacha mikono yake na kupanda mpaka mdomoni, akingoja kuona kama naye kuna kitu kitatoka humo. Fundi alifungua mdomo kumwita, akasita, kwa sababu hakujua tena sauti yake ingetoka kubwa kiasi gani.